Fyuzi ikikatika, usiifunge waya

Amplifaya ya gitaa ikizima hapa Isiolo, iwe ya kanisa au ya bendi ya harusi, dawa inajulikana: fyuzi inazungushiwa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Inawaka, watu wanashangilia. Ukweli usemwe: huo si ufundi, ni kamari. Fyuzi haikatiki bure. Kuna kitu ndani kinavuta umeme kupita kiasi, na ukiinyamazisha fyuzi, kitakachofuata kuungua ni transfoma.

Mashine za valvu, zile zenye vioo vinavyong'aa kama balbu, ndizo hatari zaidi. Umeme wa ukutani ni volti 240, lakini ndani ya nyingi hupanda hadi 400 na zaidi. Kapasita zake hushikilia moto huo hata baada ya kuchomoa plagi. Zinaweza kuua mtu anayedhani amezima. Halafu kuna zile zinazotoka Marekani, za volti 120. Ukiichomeka kwa umeme wetu bila transfoma ya kushusha, umeipa mara mbili ya inachohitaji.

Fundi mzuri huanza nje. Anajaribu kebo nyingine, gitaa lingine. Anahakikisha spika imeunganishwa, manake amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika huharibika. Nobu ikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, na vumbi hapa kwetu si la kutafutwa. Valvu ikigongwa polepole kwa penseli na spika ijibu kwa kelele, hiyo ni ya kushukiwa. Mvumo usioisha? Huenda kapasita zimezeeka. Hapo sasa ndipo mita inatoka, na kapasita zinatolewa moto kwanza kabla ya mkono kuingia.

Vijana wa kufanya kazi hii tunao mjini. Wengi walijifunza kwa kutazama, wengine tuliacha chuo katikati, na hakuna karatasi ya kuonyesha mteja. NITA hutahini mafundi kwa vitendo, hata wasiokaa darasani. Kaunti ikilipa basari za karo, basi ilipe pia ada ya mtihani huo, na mita moja juu yake.

Nawe mwenye amplifaya, acha kumsukuma fundi amalize kabla ya ibada ya Jumapili. Mlipe muda wa kupima. Haraka yako ndiyo inayofunga ule waya.