Lengelenge la Jembe si Aibu

Msimu wa kulima umefika. Mikono iliyopumzika kiangazi chote inashika jembe tena. Siku ya kwanza kiganja kinawaka moto. Siku ya pili lengelenge linatoka.

Hapo watu huanza kucheka. "Mikono ya karani hiyo!" Mwenye lengelenge huona aibu. Huficha mkono, huendelea kulima mpaka lengelenge linapasuka. Msimu uliopita nilimtibu kijana wa namna hiyo. Alikuwa amepaka kinyesi cha ng'ombe juu ya kidonda. Mkono ulivimba, mtoki ukamtoka kwapani. Wenzake walipanda mahindi, yeye alikaa nyumbani.

Wazee wangu, mimi ni mdogo kwenu, lakini naomba mnisikilize. Kicheko hicho kinatutia hasara.

Lengelenge ni nini? Mpini unaposugua kiganja, ngozi ya juu huachana na ngozi ya chini. Maji hujaa katikati. Maji hayo si uchafu. Ngozi ya juu ni kama kifuniko cha chungu. Huzuia vijidudu visiingie. Kwa hiyo usilitumbue, wala usiichune ngozi hiyo.

Likipasuka lenyewe, osha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa. Funga kitambaa safi. Kibadilishe kila siku. Usipake udongo wala kinyesi. Humo hukaa vijidudu vya pepopunda, na pepopunda huua. Ukiona usaha, au mkono umevimba, au una homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Uliza pia habari za sindano ya kukinga pepopunda.

Nawe mwenye sugu, usijisifu. Ulianza na ngozi laini kama mwenzako. Ngozi ikisuguliwa kidogo kidogo kila siku, huongezeka unene. Hiyo ndiyo sugu. Ni kinga ya mkulima, usiikate kwa wembe. Ukiacha jembe kwa miezi, nayo hupungua.

Basi tuanze polepole. Siku za kwanza tulime muda mfupi. Tulainishe mpini kwa msasa. Kiganja kikianza kuwaka, tupumzike au tukifunge kitambaa. Na mwenzako akikuonyesha lengelenge, usimcheke. Mwambie, "Pumzika leo, kesho utalima." Shamba linataka mkono mzima.