Hekalu Lililojengwa Baharini



Je, yafaa baba na mama Wakristo wawachukue watoto wao kwenda kutazama hekalu la dini nyingine? Wako wanaojibu upesi: "La, watoto wataingiwa na mashaka." Wako pia wanaosema: "Nendeni tu, dini zote ni mamoja." Sisi hatukubaliani na hawa wala na wale. Twapenda kuwaonyesha mahali pamoja ambapo jamaa za kila dini huenda kutembea siku ya mapumziko, kisha kila mzazi apime mwenyewe.

Mahali hapo ni Waterloo, kijiji cha pwani ya magharibi ya kisiwa cha Trinidad, karibu na nchi ya Venezuela. Zamani Waafrika waliteswa utumwani katika mashamba ya miwa ya kisiwa kile. Walipopata uhuru kamili mwaka 1838, wenye mashamba walitafuta mikono mingine. Tarehe 30 Mei 1845 merikebu iitwayo Fatel Razack ilitia nanga, nayo imechukua watu kutoka India. Tangu siku ile mpaka mwaka 1917 walifika Wahindi zaidi ya 140,000, wote kwa mkataba wa kazi. Wasomaji ambao babu zao walikwenda kwa mkataba kuchimba shaba Katanga wanafahamu maana yake: alama ya kidole juu ya karatasi, na kwenu kuko mbali.

Mmoja wa watu wa miwa aliitwa Sewdass Sadhu. Alizaliwa India, akaletwa Trinidad angali mtoto. Alipokuwa mtu mzima alijenga hekalu dogo ufukoni Waterloo, ili yeye na wenziwe wapate mahali pa kusali. Lakini ardhi ile ilikuwa mali ya kampuni ya sukari. Akaamriwa alibomoe, akakataa. Mwaka 1952 hekalu likabomolewa, naye akatiwa gerezani siku 14.

Alipotoka gerezani alikuwa na hasira, bila shaka, maana alikuwa mtu kama sisi. Hata hivyo hakuchoma shamba la mtu wala hakuinua fimbo. Alitazama bahari, akaona ya kuwa haina bwana shamba. Basi akaanza kubeba mawe, mchanga na simiti kwa baiskeli yake na kwa ndoo, akavimwaga katika matope wakati maji yalipokupwa. Mzigo mmoja leo, mzigo mmoja kesho. Wenyeji husimulia kwamba kazi yake yote ilichukua miaka 25. Haba na haba hujaza kibaba. Kwake yeye ilijaza bahari, mpaka pakawa na nchi kavu ya kusimamisha nyumba.

Baada ya kufa kwake mawimbi yalizidi kulila jengo. Mwaka 1994 serikali ya nchi ile, iliyojitawala tangu mwaka 1962, ilishika kazi ya kulijenga upya. Jamaa ikifika siku hizi hukuta njia iliyoingia baharini, bendera za rangi juu ya mianzi mirefu, na mwishoni hekalu jeupe lenye pembe nane. Sanamu ya mzee mwenyewe imesimamishwa hapo. Watoto hutangulia mbio, ndege wa pwani huruka, na mlangoni kila mtu huvua viatu vyake.

Karibu na hapo, ufukoni, Wahindu huchoma maiti za wafu wao. Pengine jamaa itakuta moshi na watu wanaolia. Mtoto atauliza. Asikemewe, wala asifichwe macho. Aambiwe: "Hawa humwaga mtu wao kwa moto, sisi humwaga wetu kwa udongo. Tunyamaze, kwani wana msiba." Neno hilo moja litamfaa kuliko masomo mengi.

Lakini je, imani ya mtoto haitayumba? Tutazame upande wa pili. Kusini mwa kisiwa hicho hicho, katika mji wa Siparia, kuna kanisa lenye sanamu ya Mama Maria. Kwa miaka zaidi ya 100 Wahindu huja huko kila mwaka Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu, wakimwita Mama wa Siparia na kumletea matoleo. Walipokewa, kisha wakarudi makwao Wahindu vilevile. Na Mtaguso wa Vatikano ulitangaza tarehe 28 Oktoba 1965 kwamba Kanisa halikatai lo lote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, tena liliwataja Wahindu waziwazi. Kwa hiyo Mkatoliki aendaye Waterloo kwa adabu hakuvunja sheria yo yote.

Hata hivyo adabu ina pande mbili. Mgeni huvua viatu, hunena polepole, hacheki sanamu za watu, hapigi picha za wanaosali bila ruhusa. Tena mgeni hajifanyi mwenyeji: asiyesadiki asitoe sadaka wala asiiname kwa mchezo, kwani kuigiza sala ya mwingine ni kumdharau yeye na kumdharau Mungu. Baba akishika mambo haya mawili, watoto wataona kwamba mtu aweza kuwa imara katika imani yake bila kumkanyaga jirani.

Twawaombeni mlifikiri jambo hili hapa kwetu Kongo. Jirani yetu ni Mkimbangu, ni Mprotestanti, ni Mwislamu, ni Mhindi mwenye duka. Mara ngapi twatania sala zao mezani, mbele ya watoto? Twadhani twawalinda katika dini. Kumbe mtoto aliyefundishwa kucheka sala ya jirani, akikua atacheka na sala ya baba yake pia.

Basi juma hili, jioni baada ya chakula, wasimulieni watoto habari za mzee yule, ndoo yake na baiskeli yake. Kisha waulizeni: ungalibomolewa nyumba uliyoijenga kwa jasho lako, ungalifanya nini? Msijibu kwa haraka mahali pao. Wasikilizeni kwanza.