Jini Gani Anawasha Gari?

Hapa Bagamoyo gari likijiwasha lenyewe, mwenye gari yuko barazani na kikombe chake cha kahawa, utasikia watu wananong'ona: jini! Jini wapi, jamani? Nawapa siri.

Ukibonyeza rimoti, inarusha mawimbi ya redio yenye namba ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua, inakagua: milango imefungwa? Boneti je? Gia iko kwenye P? Yote yakiwa shwari, inaamrisha starta, injini inanguruma na kiyoyozi kinapooza viti. Usipotokea, magari mengi hujizima baada ya dakika kama 10. Mwizi akivunja kioo akaingia bila ufunguo, akikanyaga breki tu, injini inakata. Kwisha habari yake!

Ila ninyi mliofungiwa rimoti mtaani kwenye gari la klachi, nawaonya. Ukiliacha kwenye gia namba moja, starta italisukuma mbele, na watoto wanacheza pale pale! Gereji iliyofungwa nayo ni noma: moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua kimyakimya.

Kujidai ruksa, lakini kwanza litazame gari, ndipo ubonyeze. Tukutane wiki ijayo!