Kitabu Ndani ya Mkoba wa Likizo



Likizo ya Juni tulikwenda Mgwashi, nyumbani kwa wakwe zangu. Mombo tulishuka basi la Dar es Salaam, tukapanda gari la mlimani. Barabara ya kwenda Soni ina kona nyingi, na kila kona baridi inazidi. Wanaoijua milima ya Usambara wanajua kwamba Juni bila sweta ni kujitafutia mafua.

Mimi nilikuwa na mzigo mwingine ambao sikumwambia mtu. Kitinda mimba wetu alikuwa ameota meno mawili, yote ya juu. Kliniki waliniambia si ugonjwa. Lakini wazee wa zamani walimwita mtoto wa namna hiyo kigego, wakamhesabu kuwa ni mkosi. Njia nzima nilijiuliza mama mkwe atasema nini.

Jioni ile hakusema kitu. Alimtazama mtoto akicheka, akanyamaza, akaenda jikoni kugeuza makande. Usingizi ulinipaa.

Sisi likizo zetu hubeba vitabu. Baada ya sala ya jioni mmoja husoma, wengine husikiliza. Wadogo walitaka Hekaya za Abunuwasi. Binti yetu mkubwa alikuwa na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Baba yao, ambaye ni Msambaa, alibeba Habari za Wakilindi, kitabu alichoandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy zaidi ya miaka 100 iliyopita, kikachapishwa upya mwaka 1962.

Usiku wa pili akasoma habari za Mbegha, mwindaji wa Nguu. Nikalisikia neno lile lile. Mbegha aliota meno ya juu kwanza, alikuwa kigego. Kwa desturi ya siku zile alipaswa kuuawa, lakini wazazi wake hawakukubali. Walipofariki, ndugu wakamnyima urithi. Baada ya kutangatanga na mbwa wake wa kuwindia, akafika Usambara. Huko aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama. Wakampenda, hata wakamfanya mfalme wao kule Vugha. Huo ndio mwanzo wa enzi ya Wakilindi.

Chumba kilikuwa kimya. Mama mkwe akanyosha mikono. "Hebu nipe huyo Mbegha wangu," akasema. Alipokwisha kumpakata, akatusimulia kwamba mdogo wake naye aliota hivyo, na mama yao alimficha ndani miezi mingi.

"Jana nilinyamaza, mwanangu," akaniambia. "Niliogopa utadhani simtaki."

Kumbe tulikuwa tunaogopana!

Akina mama wenzangu, yako mambo katika nyumba zetu ambayo hakuna anayethubutu kuyaanza. Kitabu kinaweza kuyaanza kwa niaba yetu. Basi ukifunga mizigo ya likizo, tia na kitabu kimoja ambacho bibi na mjukuu wote watakifurahia. Soma kurasa chache tu, uachie mahali patamu ili kesho wakuombe wenyewe. Na mzee akitaka kukukatiza aeleze ayajuayo, funga kitabu umsikilize. Huenda hiyo ndiyo sura mliyoifuata safari nzima.

Mfalme wetu mdogo sasa ana meno manne, ya juu na ya chini. Anayatumia kutafuna jalada la Abunuwasi.