Kidhibiti mwendo hakijisimamii

Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni za waziri John Michuki: matatu zifungwe vidhibiti mwendo, zisipite kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na mkanda. Ajali zilipungua kwa muda. Kisha vidhibiti vikachezewa, mikanda ikabaki pambo la kiti. Ndiyo maana naona ruzuku za serikali za usalama barabarani zigharimie kwanza usimamizi wa kila siku, ndipo vifaa vifuate. Wapo watakaosema usimamizi huo ni ukaguzi, na ukaguzi huzaa rushwa. Huzaa kweli, hasa unapofanywa kando ya barabara, dereva na askari wakinong'onezana dirishani. Basi ruzuku hizo zilipie ukaguzi unaotumia mashine za kupima breki, na rekodi ambazo abiria anaweza kuziona kabla hajapanda.