Michezo Mipya Olimpiki: Tupime Usawa, Si Ugeni

Agosti 2024, katika Olimpiki ya Paris, Rachael Gunn wa Australia alishindwa mapambano yake yote matatu ya brekidansi bila kupata kura hata moja ya majaji. Video zake zikaenea, watu wakacheka, na wengi wakahitimisha kwamba mchezo huo haukustahili kuwapo. Hukumu hiyo ilikuwa ya pupa. Mwaka 2000 huko Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 kwa takribani dakika moja na sekunde 53, zaidi ya mara mbili ya muda wa bingwa. Alishangiliwa, na kuogelea kukabaki pale pale. Mchezo wa zamani ukiwa na mshiriki dhaifu, tunamwona yeye. Mchezo mgeni ukiwa naye, tunauhukumu mchezo mzima.

Ugeni wenyewe hauna maisha marefu. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zilitokana na mashindano ya farasi ya Uingereza, na kwa asiyezizoea ni za ajabu kweli: mtu anakimbia, anaruka kizuizi, anatua majini, anaendelea na safari. Lakini tangu Amos Biwott ashinde Mexico City mwaka 1968, wanaume wa Kenya walitwaa dhahabu ya mbio hizo katika kila Olimpiki waliyoshiriki hadi Rio 2016. Leo tunaziita zetu, wala hakuna anayeuliza zilifikaje. Kuvuta kamba nako kulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, kisha kukaondolewa. Orodha hii haijawahi kuwa msahafu.

Wanaopinga wana hoja ya pili: dansi ni sanaa, na ushindi unaotegemea macho ya majaji hauaminiki. Tukiishika hoja hiyo, itabidi tuwaondoe pia wanasarakasi wa jimnastiki, wapiga mbizi na wanaoteleza kwenye barafu, kwa maana wote hupewa alama na watu. Mwaka 2002 huko Salt Lake City, kashfa ya majaji katika kuteleza kwa wawili wawili ililazimisha medali ya pili ya dhahabu kutolewa kwa Wakanada. Mchezo haukufutwa, mfumo wa alama ndio uliobadilishwa. Brekidansi nayo ilistahili kurekebishwa kwa subira ya namna hiyo.

Hoja ninayoiona nzito kweli ni ya nafasi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) imejiwekea kikomo cha takribani wanamichezo 10,500 katika michezo ya kiangazi, kwa hiyo anayeingia huweza kumsukuma mwingine. Kutembea kwa kasi kilomita 50 kuliondolewa baada ya Tokyo, na waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya umbali huo wakabaki bila jukwaa. Nafasi ikiwa adimu kiasi hicho, ni lazima igawanywe kwa kanuni zinazojulikana na kila mtu.

Hapo ndipo penye kasoro. Tangu mageuzi ya mwaka 2014, waandaaji wanaruhusiwa kupendekeza michezo ya ziada. Tokyo walileta karate, Paris wakaiacha na kuleta brekidansi. Los Angeles nao, kwa ajili ya 2028, wakaiacha brekidansi na kuchagua besiboli na softiboli, kriketi, lakrosi, skwoshi na aina ya mpira wa Kimarekani ambayo wachezaji hunyakuana vitambaa vya kiunoni. Uamuzi huo ulipitishwa Oktoba 2023, miezi kumi kabla brekidansi haijachezwa Paris. Waliodhani Gunn ndiye aliyeufukuzisha mchezo wake wamekosea: mlango ulikuwa umefungwa kabla hajakanyaga jukwaa. Na kijana aliyejinoa miaka minne katika karate amejifunza kwamba ndoto yake hudumu kadiri mwenyeji wa zamu anavyopenda.

Kipimo changu ni kingine: mtoto wa maskini anaweza kuanza? Michezo ya farasi na ya mashua haitiliwi shaka, ingawa farasi mmoja wa mashindano ni utajiri ambao familia nyingi hazitauona. Brekidansi inataka sakafu na muziki. Kampala ina mradi wa Breakdance Project Uganda tangu 2006, na vijana wake hawakuhitaji kibali cha tajiri yeyote kuanza.

Kwa kipimo hicho, mbio za nyika zingekuwa mbele kabisa kwenye foleni. Zilikuwamo Olimpiki za 1912, 1920 na 1924. Mwaka huo wa mwisho, katika joto kali la Paris, kati ya wakimbiaji 38 walimaliza 15 tu, Paavo Nurmi akiwa wa kwanza, nazo zikaondolewa. Pendekezo la kuzirudisha Paris 2024 kwa mfumo wa kupokezana wanaume na wanawake lilikataliwa mwaka 2020. Huambiwa kwamba Afrika Mashariki ingezimiliki, kwa kuwa wanaume wa Kenya walishinda ubingwa wa dunia wa timu mfululizo kuanzia 1986 hadi 2003. Mbona timu ya wanawake ya Korea Kusini imeshinda dhahabu ya upigaji mishale katika kila Olimpiki tangu 1988, na upinde haukufukuzwa?

Kwa hiyo ninaunga mkono michezo isiyozoeleka, kwa masharti. Kila mchezo unaoingia uhakikishiwe Olimpiki mbili mfululizo, ili vijana na makocha wapate muda wa kujijenga. Gharama ya kuanza na idadi ya nchi zinazoucheza zihesabiwe wazi, na matakwa ya mwenyeji yasizidi vigezo hivyo. Kirsty Coventry wa Zimbabwe, Mwafrika wa kwanza kuiongoza IOC, alishika urais Juni 2025. Vyama vya riadha vya Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia vimpelekee hoja ya mbio za nyika kwa sauti moja, na viitetee brekidansi kwa sababu zile zile. Tukidai usawa kwa mchezo tunaoushinda peke yake, hatutakuwa tumedai usawa.