Aliyeonywa Asisingizie Kudra

Kila lianguka jengo katika mji huu, neno la kwanza kusikika ni kudra. Husemwa kwamba siku za marehemu zilikuwa zimetimia. Maneno hayo ni faraja kwa mfiwa, wala hatuna nia ya kumnyang'anya faraja yake. Lakini hayafai kuwa kinywani mwa mwenye jengo, wala mwa mkandarasi, wala mwa ofisa aliyegonga muhuri.

Wakazi wa Upanga hawajaisahau Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024. Asubuhi hiyo jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, ng'ambo tu ya Mnazi Mmoja, na majeruhi wakakimbizwa Muhimbili, papa hapa Upanga. Wananchi walifukua zege kwa nyundo na mikono mitupu. Mwishoni mwa mwezi huo watu watatu walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia, shtaka moja kwa kila roho. Wala hayo hayakuwa mapya. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Hapo pia watu walishtakiwa, wakiwamo watumishi wa manispaa.

Nani ana hatia na nani hana, hilo ni la mahakama, na gazeti halivai joho la hakimu. Kazi yetu ni kuwaeleza wanachama na wafanyakazi sheria yenyewe yasemaje, maana wengi hudhani kwamba asiyekusudia kuua hana kosa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kuwa cha 195, yasema kwamba mtu aweza kuua kwa kutenda, na aweza kuua kwa kuacha kutenda. Mwenye wajibu wa kulinda uhai au afya ya watu, akiuacha wajibu huo kwa uzembe wenye hatia, na mtu akafa, huyo ameua, hata kama moyoni hakumtakia mtu mabaya. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Tena sheria hiyo humtwika kila mwenye kitu cha hatari mkononi mwake wajibu wa kukitunza kwa uangalifu. Na jengo lililochoka nguzo, lenye watu ndani yake, kama si kitu cha hatari, ni nini?

Hata hivyo si kila kosa la kazi ni jinai ya namna hii. Katika miaka ya 1940 Baraza la Rufani la Mfalme, huko London, liliamua kesi ya daktari wa Nijeria, Akerele, aliyewadunga watoto dawa ya buba iliyochanganywa kali kupita kiasi. Mahakama za chini zilimtia hatiani, Baraza likamwachilia. Lilisema kwamba uzembe wa jinai sharti upite ule wa kulipa fidia tu, uwe ni kutojali kabisa uhai wa mtu. Likaongeza kwamba wingi wa walioumia kwa mchanganyiko mmoja haulifanyi kosa moja kuwa kubwa zaidi.

Neno hilo la mwisho ni gumu kwa mwenye uchungu, lakini ni la haki. Maiti 31 hazithibitishi uzembe mkubwa, na maiti mmoja haithibitishi uzembe mdogo. Kinachopimwa ni mwenendo wa mtu kabla ya maafa: alijua nini, alionywa na nani, na alikuwa na uwezo gani wa kuzuia.

Waliosoma Torati waikumbuka sheria ya ng'ombe apigaye kwa pembe. Akiua bila kujulikana ukali wake, mwenyewe hana hatia. Lakini akiwa amekwisha kuonywa, naye asimfunge, damu iko juu yake. Ukuta nao huonya. Hupasuka nyufa, mlango hukataa kufunga, sakafu hulala upande. Mhandisi husema, "Msiongeze ghorofa," mpangaji hulalamika, mwenye nyumba hupokea kodi na kunyamaza. Hapo ndipo bahati mbaya inapokwisha na hatia inapoanza.

Wala tusimtazame mwenye nyumba peke yake. Chama chetu kimetufundisha kwamba cheo ni dhamana. Mkaguzi aliyeuona ufa akaandika kwamba hakuna ufa, au aliyetoa amri ya kusimamisha kazi kisha akaifunga katika jalada, naye ameonywa sawasawa na mwenye jengo. Kumshtaki fundi na kumhamisha ofisa kituo si haki. Ni kuhamisha uzembe.

Basi tunadai mambo mawili. La kwanza, kila matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni pa jengo lililokaguliwa. Mwezi ule wa Novemba 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Matunda ya kazi ya namna hiyo ni mali ya mpagazi na muuza duka kabla ya kuwa mali ya ofisi, kwa kuwa wao ndio walalao chini ya zege likianguka.

La pili ni la wafanyakazi wenyewe. Ndugu, ukiona ufa usiishie kunong'ona. Andika barua, tia tarehe, mpelekee mwenye jengo, manispaa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nawe ubaki na nakala. Onyo la mdomo hukanwa. Onyo la karatasi husimama mahakamani. Na mara nyingi zaidi litaokoa watu kabla mahakama haijahitajika, kwa sababu mtu anayejua kwamba hawezi tena kusema "sikujua" huita mhandisi mapema.